Kilomita 50 za Mikumi: kwa aliyepata leseni juzi

Leo nazungumza na mtu mmoja tu, wengine mniwie radhi, mtasikilizia pembeni. Nazungumza na wewe uliyepata leseni juzi. Umemaliza chuo cha udereva, umebandua ile L nyekundu kwenye kioo cha nyuma, umeipiga picha kadi yako ukaiweka stetasi, na sasa gari lipo. Labda la baba, labda la mjomba, labda ni Passo uliyoinunua kwa mkopo wa kazini. Na safari ipo. Kuna harusi Kilosa, au msiba Kidodi, au mnakwenda Iringa kuwasalimia wakwe, na njia inapita Mikumi.

Gari unajua kuliendesha, hilo sina shaka nalo. Klachi umeizoea, kona unaikata vizuri, na kurudi nyuma kati ya mapipa ulifaulu mbele ya askari. Ambacho chuo hakikukupa, na hakikuwa na namna ya kukupa pale uwanjani, ni macho. Dereva mpya macho yake yanaishia karibu na boneti, maana bado anahangaika kuliweka gari katikati ya mistari yake. Dereva wa siku nyingi anaangalia mbali, anatupa jicho pembeni, anaangalia kioo, anarudi mbali, na mikono yake inafanya kazi bila kuulizwa. Hii si hadithi ya vijiweni. Mwaka 1972 watafiti wawili wa Marekani, Mourant na Rockwell, walifuatilia macho ya madereva wakiwa barabarani, wakaona kwamba wapya wanaangalia karibu zaidi na gari lao na vioo wanaviangalia mara chache kuliko wazoefu. Nusu karne imepita, magari yamebadilika, jicho la dereva mpya ni lile lile.

Sasa, kama kuna mahali Tanzania ambapo jicho la namna hiyo linakamatwa haraka, ni kile kipande cha lami kinachokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Ukitoka Morogoro unapita Melela, unapita Doma, halafu unaingia hifadhini, na kwa kilomita kama 50 hivi hadi kuufikia mji wa Mikumi huna nyumba wala genge pembeni yako. Kuna majani, miti, na wenye mali. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na barabara imeipasua kati. Upande mmoja kuna mbuga ya Mkata yenye maji na majani, upande wa pili vilima na miombo. Mnyama akitaka kunywa huku na kulala kule, sharti avuke barabara kuu ya kwenda Zambia. Havuki kwa kuwa ni mkaidi. Anavuka kwa sababu kwake hapo ni sebuleni na jikoni.

Na barabara yenyewe ni tamu, lazima niseme ukweli. Imenyooka. Ukishatoka kwenye foleni za Msamvu na bodaboda za Morogoro mjini, unafika pale mguu wenyewe unakuwa mzito. Sindano inapanda bila wewe kujua. Hakuna mtu, hakuna mtoto wa shule, hakuna gulio, unajiuliza niendeshe taratibu kwa ajili ya nani?

Tufanye hesabu kidogo. Ukiwa spidi 80, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Tangu jicho lione kitu mpaka mguu uguse breki inapita kama sekunde moja na nusu, hapo ni kwa mtu aliye macho na ambaye simu yake iko mfukoni. Kwa hiyo umekwenda mita 33 na gari bado halijaanza hata kupunguza mwendo. Weka mita nyingine 35 hivi za kusimama, lami ikiwa kavu na matairi yakiwa mazima. Jumla ni karibu mita 70. Haya, usiku lori linakuja mbele, umeshusha taa kama mstaarabu. Taa zilizoshushwa zinakuonyesha vizuri mita 50, labda na kidogo. Umeona tatizo? Ukikiona kitu kwenye mwanga wako, umeshachelewa kusimama kwa mita 20. Ukishuka mpaka 50, umbali wote wa kuona na kusimama unakuwa mita 35 tu, nao uko ndani ya mwanga. Kile kibao cha mwendo unachokipita ukidhani ni ubanaji wa serikali ni hesabu hiyo tu, wameifupisha wakaiandika kwenye bati.

Hayo ya spidi umeyasikia sana kwenye Wiki ya Nenda kwa Usalama, sitaki kuyarudia jioni nzima. Spidi ndogo inakununulia muda. Swali langu kwako ni hili: muda huo unautumia kuangalia nini?

Anza na twiga. Mchana utamwona yuko mbali, shingo juu ya miti, utafurahi. Usiku mambo yanageuka. Taa za gari dogo zinamulika chini, kwa hiyo unachokiona cha twiga ni miguu minne, na miguu hiyo inafanana kabisa na vishina vya miti vilivyosimama pembeni. Macho ambayo yangekurudishia mwanga yako juu kabisa, taa haiyafikii. Ukimgonga unampiga miguuni, na mwili wake wenye uzito wa kilo 800, pengine 1,000 na zaidi, unaangukia kioo cha mbele na paa. Tembo na nyati nao, rangi zao ni za usiku wenyewe. Nyati ni mweusi na anasimama. Akikuona hakimbii, anakutazama, na yeye kwa kusimama kwake haoni kosa lolote.

Swala pala wana mambo mengine. Mmoja anaruka barabara, wewe unapumua, unakanyaga mafuta. Hapo ndipo unapokosea, kwa sababu swala hatembei peke yake. Aliyeruka ni wa kwanza, wenzake ishirini wako kwenye majani wanafikiria, na wakimwona mwenzao yuko ng'ambo watamfuata hata kama gari limefika. Ngiri ndivyo walivyo pia: mama na mkia juu, watoto nyuma kwenye mstari. Kwa tembo angalia kama kuna mtoto. Akiwa upande mmoja wa lami na mama yake upande wa pili, wewe hapo katikati huna nafasi. Simama mbali, acha honi, acha kuwawashia taa, waache wamalize shughuli yao. Chuoni walikufundisha kusimama kwenye zebra. Mikumi zebra yenyewe inatembea, haijachorwa mahali pamoja.

Nyani nimemweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu nyani tumemharibu sisi wenyewe. Ukimkuta amekaa kwenye ukingo wa lami kama abiria anayesubiri basi, ujue anasubiri ganda la ndizi, kipande cha muhindi, mfupa wa kuku kutoka kwenye madirisha yetu. Kutupa chakula na taka hifadhini ni kosa, na wala si kosa la usafi peke yake: kila kinachotupwa pale kinamvuta mnyama aje aishi barabarani. Mwaka 1995 mtafiti Carlos Drews alichapisha utafiti wake kuhusu wanyama wanaouawa na magari Mikumi, na nyani akawatengea sehemu yao. Hiyo ni zaidi ya miaka 30 iliyopita, na bado mtu anashusha kioo na kutupa.

Kama huruma haitoshi, kuna bei. Hifadhi huwatoza fidia wanaogonga wanyama, na kila mnyama ana kiwango chake kwa dola. Twiga, ambaye ndiye mnyama wa taifa, amewekewa dola 15,000. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30, na hiyo Passo yako huenda haifiki hapo hata ukiiuza na redio yake. Trafiki akikupiga tochi anakuandikia 30,000, unalalamika mpaka Iringa.

Na saa ya kupita ina maana kuliko watu wanavyodhani. Ukitoka Morogoro alasiri kwenda Mikumi unaelekea magharibi, na kuanzia saa kumi na moja jioni jua linashuka mbele yako kabisa, linakupiga usoni, na kioo chenye vumbi kinageuka kuwa pazia jeupe. Saa hiyo hiyo ndiyo wanyama wanatoka vivulini kwenda majini. Kwa anayetoka Iringa mapema asubuhi, mambo ni hayo hayo kwa upande wake. Ushauri wangu kwa mgeni wa usukani ni mwepesi, pita Mikumi mchana. Kama umechelewa, lala Morogoro. Gesti zipo, na harusi haitaanza bila kuchelewa, tunajuana.

Futa kioo kwa nje na kwa ndani pia, maana ule ukungu wa ndani ndio unaokupofusha jua au taa zikikuelekea. Na kabla hujaondoka inama uangalie tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kijiduara kirefu. Ukikuta 3516, hilo tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2016. Muuza mtumba atakwambia bado jipya, kashata hazijaisha. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo, na joto la lami ya mchana linaumaliza.

Sasa wanyama tumewasema. Kuna viumbe wengine barabara ile, nao ni wenye magari.

Hii ni barabara ya malori. Mafuta ya Zambia, shaba ya Kongo, mizigo ya Malawi, vyote vinapita hapo, usiku na mchana. Madereva wa malori wana lugha yao, na wewe mpya unapaswa kuielewa bila kuiamini sana. Uko nyuma ya semi, linawasha indiketa ya kulia: dereva anakwambia usitoke, mbele kuna gari. Linawasha ya kushoto: pita, kupo wazi. Ni wema mzuri sana, umeokoa wengi. Lakini indiketa ya kulia inaweza pia kuwa anakata kona kulia, na ya kushoto inaweza kuwa anataka kuegesha tu. Tena yeye anapokuruhusu kupita anapima kwa kichwa cha gari lake na uzoefu wake. Hajui kuwa wewe una injini ndogo yenye watu watano na mabegi, na hajui kuwa utasitasita katikati. Kuovateki ni lazima uone kwa macho yako barabara tupu, yote unayoihitaji na nyingine ya akiba. Kama huoni, kaa nyuma. Kaa nyuma mbali, siyo mkiani mwa lori. Ukimganda, ukubwa wake unakuziba mbele yote, na yeye mwenyewe hakuoni kwenye vioo vyake.

Majani barabarani nayo ni lugha. Ukikuta matawi mabichi yamewekwa kwenye lami, moja, hatua chache jingine, usifikiri ni upepo. Mbele kuna gari limekufa, huenda ni semi zima halina taa hata moja. Punguza hapo hapo. Sheria inataka kila gari liwe na pembetatu zake za kuakisi, na wewe uwe nazo, lakini jani la utingo limeokoa watu wengi na sitalidharau.

Halafu kuna IT. Madereva wa zamani mnacheka. Haya ni magari yanayotoka bandarini Dar es Salaam kwenda nje, yana vibao vya muda, na madereva wake wengi wanafukuza siku. Litatokea kwenye kioo chako dogo, sekunde tatu baadaye limejaa. Litakumulika, litakupigia honi. Usishindane nalo na usilifuate. Bana kushoto kidogo ndani ya njia yako, punguza, liache liende likakutane na tochi yake mbele huko.

Hapo nimefika kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko klachi na breki, na ambalo hakuna chuo kina somo lake: aibu. Dereva mpya anaona aibu kupitwa. Anaona aibu kupigiwa honi. Na aibu kubwa zaidi imekaa ndani ya gari, kiti cha mbele kushoto, imevaa koti. Ni mjomba. Gari ni lake, safari ni yake, mafuta ameweka yeye, na amekufadhili mpaka chuo. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akisema, mdogo anaitikia. Basi mnaingia hifadhini, wewe unashusha mwendo, na mazungumzo yanakuwa hivi:

"Mbona umepoa? Kuna tatizo?"

"Hapana mjomba, tumeingia hifadhini, nakwenda 50."

"Hamsini! Barabara imenyooka namna hii? Tutafika saa ngapi? Hebu kanyaga bwana, huoni watu wanatupita?"

Nimeona vijana hodari wakikanyaga hapo. Si kwamba hawajui. Wanajua kabisa, ila ulimi wa kumkatalia mzee hawana. Na likitokea la kutokea, leseni itakayochukuliwa ni ya kijana, jina kwenye karatasi ya polisi ni la kijana, wala hakuna mahali pa kuandika kwamba mjomba alisema.

Dawa yake siyo ukali. Ukimjibu mzee vibaya, gari lote linachafuka, na dereva aliyekasirika haoni swala wala tembo. Dawa ni kusema mapema, mkiwa bado nyumbani, kabla ya kuwasha, kwa adabu zote: "Mjomba, naomba radhi mapema. Mimi bado mgeni, pale Mikumi nitakwenda pole pole, naomba unisaidie kuangalia upande wa kushoto." Umeona ulichofanya? Hujamkatalia. Umempa kazi. Mzee aliyepewa kazi ya kuangalia upande wake hana tena muda wa kuangalia sindano ya spidi, na atakuwa wa kwanza kusema, "Taratibu, kuna kitu pale." Shangazi kiti cha nyuma ataangalia kulia. Hapo gari lina macho ya watu watatu, na simu yako ameishika binamu, ndiye anayejibu kwamba mmefika wapi.

Na wewe mjomba unayenisikiliza, shikamoo. Nimekusema kwa heshima. Ukimpa kijana usukani, mpe na mamlaka yake.

Turudi nyuma kidogo, kwa anayekwenda Kilosa. Siku hizi treni ya umeme inasimama Kilosa na wengi wenu mtaona bora mpande hiyo, siwalaumu. Mwenye gari anaweza kuzungukia Dakawa na Dumila, halafu akashika ya Rudewa. Kipande cha Dakawa kina historia yake. Hapo ndipo Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma, akiwa na msafara wake. Watu wa umri wangu hatupiti hapo bila kunyamaza kidogo.

Au unaingilia Mikumi na kushika njia ya Ulaya. Ndiyo, Kilosa tuna Ulaya yetu, na haihitaji viza. Njia hiyo tumeizoea kwa vumbi wakati wa kiangazi na tope masika, nayo inataka macho ya aina nyingine. Vumbi la gari la mbele ni ukuta. Usiingie ndani yake kuovateki kwa matumaini, maana anayekuja upande wa pili naye yuko ndani ya ukuta huo huo. Rudi nyuma, subiri upepo ulisukume pembeni. Kwenye zile rasta za vumbi gari linaelea, tairi hazishiki, kwa hiyo usukani ushike kwa upole na breki uiguse mapema. Kijana wa mkaa mwenye magunia matatu kwenye baiskeli hakusikii wala hawezi kugeuka akutazame, na upana wake ni mara mbili ya unavyodhani. Mpe barabara. Kundi la ng'ombe likivuka usitazame ng'ombe, tazama mchungaji, hasa kama ni mtoto, na uhakikishe ndama wa mwisho amepita. Kwa upande wa Kidodi na Ruaha, msimu wa miwa, kuna matrekta yanavuta matela usiku, na taa za nyuma ni kama bahati nasibu.

Reli ya zamani inakatiza barabara maeneo ya Kilosa na Kimamba. Simama, zima redio hata kama ni mimi ninaongea, shusha kioo, sikiliza, halafu vuka kwa gia namba moja bila kubadilisha gia katikati ya mataruma. Na masika, ukikuta maji yanapita juu ya drifti, zima gari usubiri. Kilosa wanaijua Mkondoa. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 mto huo ulifurika, ukakata reli na kuacha maelfu bila makazi. Maji yaliyong'oa reli yatakuonea haya wewe? Hata yakiwa ya magotini tu, yakiwa na kasi yanatosha kulibeba gari dogo.

Kuna swali ambalo lazima ujiulize kabla halijakukuta, kwa sababu likikukuta hutakuwa na nafasi ya kufikiri: kitu kikiruka mbele yako ghafla, unafanya nini? Mkono unataka kukata usukani, ndivyo tulivyoumbwa. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu lori la mafuta lilipinduka, na ilielezwa kwamba lilikuwa likimkwepa mwendesha pikipiki. Moto uliofuata uliua watu zaidi ya 100, wengi wakiwa wamekwenda kuchota mafuta. Tarehe 18 Machi 2022, Melela Kibaoni, kwenye njia hii hii ya Mikumi, lori na basi viligongana uso kwa uso, zaidi ya watu 20 wakafa, na taarifa zikasema lori lilikuwa likikwepa pikipiki. Siwatwishi madereva wale lawama, wala bodaboda, mimi sikuwepo. Nasema tu kwamba kukwepa ni jambo la hatari kuliko linavyoonekana, na dawa yake iko nyuma, kwenye ile nusu dakika kabla, ulipokuwa unamwona bodaboda kwa mbali amekaa ukingoni na hujaamua kuondoa mguu kwenye mafuta.

Kwa hiyo ukijikuta umebanwa, kanyaga breki kwa nguvu zote, moja kwa moja, usukani ukiwa umenyooka. Wazee walitufundisha kupampu, gusa-achia, gusa-achia. Kwa gari lenye ABS usifanye hivyo. Kandamiza na ubaki hapo, ikitetemeka mguuni usishtuke, ndivyo inavyofanya kazi. Kama ni ngiri au swala na upande wa pili kuna semi linakuja, nitasema wazi hata kama watu wa hifadhi watanikasirikia: bora ngiri. Twiga, nyati na tembo hawana jibu la namna hiyo. Hao jibu lao ni mwendo uliokuwa nao kabla hujawaona.

Mtu anaweza kuuliza, haya yote kichwa kimoja kitayabeba? Wiki za kwanza kitayabeba, kwa sababu unaogopa. Mimi dereva wa wiki ya kwanza simwogopi sana. Namwogopa yule wa mwezi wa nne, aliyekwenda Iringa na kurudi salama, mkono mmoja dirishani, anajua sasa matuta yako wapi na trafiki wanakaa chini ya mti upi. Huyo ameshaanza kuijua njia, na akishaijua anaacha kuitazama. Tembo hana habari kwamba wewe ni mwenyeji.

La mwisho, kwa sababu watu hawalisemi. Ukigonga mnyama hifadhini, washa hazadi, sogeza gari pembeni kama linasogea, na kaa ndani. Usishuke kwenda kuangalia. Aliyeumia anaweza kuinuka, na hata asipoinuka, damu inanusika mbali, na Mikumi kuna simba. Piga simu, au kama gari linakwenda, endelea mpaka kituo cha askari wa hifadhi kilicho karibu au getini, ukatoe taarifa mwenyewe kabla ya kutafutwa. Wataandika, utalipa, mtamalizana. Na akitokea mtu mjanja, pengine mjomba yule yule, akasema swala ameshakufa, nyama itaozea hapa bure, fungua buti tumbebe, mwambie kwa heshima zote kwamba mpaka hapa ni ajali, lakini mguu mmoja wa swala ukiingia kwenye buti zinakuwa nyara za serikali, na kesi hiyo haina notifikesheni ya 30,000.